Barua ya wazi kwa wanaosimamia bustani zilizojengwa juu ya madampo

Kwa wakurugenzi wa majiji, waheshimiwa madiwani, na maofisa wa idara za bustani na taka ngumu,

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu vilima vya nyasi vilivyomo ndani ya bustani za umma, ambavyo chini yake zimelala taka za miaka mingi. Wengi wenu mlivirithi kutoka kwa waliowatangulia, pengine bila ramani wala jalada la maana, na wananchi wanaopanda juu yake kukimbia asubuhi au kurusha tiara na watoto wao aghalabu hawajui kwamba wanakanyaga dampo. Sina ugomvi na uamuzi wa kugeuza dampo kuwa bustani. Nitaeleza baadaye kwa nini naona una busara kuliko maamuzi mengine yote yanayowezekana. Ninachokipinga ni desturi ya kulihesabu dampo kuwa limekwisha siku utepe wa ufunguzi unapokatwa. Dampo lililofungwa huendelea kutoa gesi, kuchuruza maji machafu na kutitia kwa muda mrefu kuliko kipindi cha uongozi cha yeyote kati yenu, na kwa sababu hiyo ninaomba kumbukumbu zake, vipimo vyake na fedha za kulitunza viwekwe mahali ambapo mabadiliko ya uongozi hayawezi kuvifuta.

Madampo mengi ya karne ya 20 hayakuwekwa pale yalipo kwa sababu ardhi ile ilifaa kuhifadhi taka. Yaliwekwa pale kwa sababu ardhi ile ilidhaniwa haina kazi: vinamasi, kingo za mito, visiwa vya chini, mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mawe na wa udongo wa matofali. Ni maeneo mabaya mno kwa kazi hiyo, kwa kuwa maji yako jirani na taka na mara nyingi hakuna kinachovitenganisha. Kinachosahaulika ni kwamba ahadi ya bustani haikuja mwishoni kama fidia kwa majirani waliovumilia harufu. Mara nyingi ilikuwapo tangu mwanzo, ikitumika kama hoja ya kuruhusu taka zimwagwe. Jijini New York, Robert Moses, aliyeshikilia mamlaka ya bustani na barabara kwa miongo kadhaa, alitetea kujaza vinamasi vya pwani kwa taka kwa hoja kwamba ardhi itakayopatikana itawafaa watu. Dampo la Fresh Kills lilifunguliwa mwaka 1948, nalo likaelezwa kuwa ni la muda wa miaka michache tu. Lilifungwa Machi 2001, baada ya miaka 53, likiwa limefikia katikati ya miaka ya 1980 kiwango cha takriban tani 29,000 za taka kwa siku. Eneo lake ni karibu hekta 890, na sehemu ya kwanza ya bustani iliyo ndani ya eneo lenyewe la dampo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2023. Kwa hiyo anayeahidi leo kwamba dampo fulani litakuwa bustani anazungumza juu ya kazi itakayokamilishwa, kama itakamilishwa, na watu ambao huenda bado wako shuleni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Fresno, California. Huko, mwaka 1937, mhandisi Jean Vincenz alianzisha utaratibu wa kuchimba mitaro, kumwaga taka humo, kuzishindilia na kuzifunika kwa udongo kila siku, utaratibu ambao baadaye ulienea duniani na kuondoa mioto, panya na nzi waliokuwa sura ya kawaida ya majalala ya wakati ule. Dampo hilo lilifungwa mwaka 1987. Mwaka 1989 serikali ya Marekani ililiingiza katika orodha ya maeneo yaliyochafuliwa ambayo yanapaswa kusafishwa kwanza, kwa sababu gesi na kemikali zilikuwa zimetoka chini yake na kuingia kwenye udongo na maji ya ardhini, maana mitaro ya Vincenz haikuwa na chochote cha kuzuia maji kwa chini. Mwaka 2001 dampo hilohilo likatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, na jiji limejenga viwanja vya michezo mahali hapo. Wapo waliolicheka jambo hilo, kwamba taka zimepewa heshima ya makumbusho. Mimi naona orodha zote mbili zilisema kweli, na ningependa kuona jiji jingine likiwa na ujasiri wa kukiri mambo hayo mawili juu ya kilima kimoja.

Sasa nije kwenye gesi, ambayo ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Taka za chakula, karatasi na mbao zinapooza mahali pasipo hewa hutoa gesi ambayo takriban nusu yake ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidayoksaidi. Methani haina rangi wala harufu, na ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche ndogo inatosha kuilipua. Kulifunika dampo hakuiondoi hatari hiyo. Kinyume chake, tabaka zito la udongo wa mfinyanzi likiwekwa juu bila visima na mabomba ya kuitolea gesi, gesi iliyokuwa ikipanda juu na kutawanyika hewani hutafuta njia ya pembeni, kupitia nyufa za miamba, tabaka za mchanga, au mitaro iliyochimbwa kupitishia mabomba ya maji na nyaya, hadi itokee mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Jambo hilo lilitokea katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, nchini Uingereza. Shimo la zamani la udongo wa matofali lilijazwa taka na kuacha kuzipokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo, udongo na mimea katika viwanja vya nyumba jirani vilianza kuonyesha dalili kwamba kuna kitu chini. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake juu ya ardhi, iliposhuka kwa kasi isiyo ya kawaida, gesi iliyokuwa imebanwa ardhini ilitoka kwa wingi, ikakusanyika chini ya nyumba moja, ikalipuka na kuibomoa kabisa. Watu watatu waliokuwa ndani walijeruhiwa vibaya. Ninawaomba mzingatie kwamba dampo lile lilikuwa limefungwa, kwamba nyumba ile haikujengwa juu yake bali pembeni yake, na kwamba kilichoamua siku ya mlipuko kilikuwa hali ya hewa. Kipimo kimoja kilichochukuliwa siku ya jua tulivu, ambacho ndicho hupenda kuwekwa kwenye ripoti, kisingeonyesha hatari ile.

Mwaka huohuo, huko Mountain View, California, uwanja wa muziki wa Shoreline ulifunguliwa juu ya dampo la zamani, na katika msimu wake wa kwanza moto ulizuka kwenye nyasi walipokuwa wameketi watazamaji, baada ya methani iliyokuwa ikipenya juu kukutana na moto uliowashwa na mtazamaji. Nyasi zilifukuliwa na mfumo wa kuzuia gesi ukawekwa upya. Uwanja huo unatumika hadi leo, jambo linaloonyesha kwamba tatizo lina dawa, ila dawa hiyo ni ya kihandisi, ina gharama, na inatakiwa itangulie watazamaji.

Mtu anaweza kusema kwamba taka za zamani zimekwisha kuoza na hatari imepita. William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, ambaye mradi wake wa kuchunguza taka ulianza mwaka 1973 na baadaye ukachimba madampo kadhaa, likiwemo Fresh Kills, alikuta magazeti ya miongo mingi iliyopita yakiwa bado yanasomeka, na mabaki ya chakula yakiwa bado yanatambulika. Taka zilizoshindiliwa na kukosa maji huoza polepole mno. Maana yake ni kwamba utulivu wa vipimo unaweza kuwa ni usingizi tu. Ufa ukitokea kwenye kifuniko, mvua ikaingia, uozaji huamka na gesi huanza tena. Ndiyo maana sioni busara ya kuondoa visima vya uchunguzi kwa sababu vimesoma sifuri kwa miaka michache mfululizo.

Maji hayo ya mvua yakishapita ndani ya taka hutoka yakiwa meusi au ya kahawia, yamebeba amonia, chumvi, metali na kemikali za kila namna ambazo watu waliwahi kuzitupa. Dampo la kisasa huwa na tabaka la mfinyanzi na karatasi nene ya plastiki kwa chini, pamoja na mabomba ya kukusanya maji hayo yapelekwe kusafishwa. Madampo ya zamani, ambayo ndiyo mengi chini ya bustani, hayana hata kimoja. Uingereza peke yake inajulikana kuwa na madampo ya kale karibu 20,000, na zaidi ya 1,200 kati yake yako maeneo ya chini ya pwani yanayotishiwa na mafuriko au mmomonyoko. Hapo ndipo hutokea mgongano ambao sijauona ukijadiliwa vya kutosha kwenye vikao vya bajeti: idara ya michezo inataka uwanja wa nyasi za kijani mwaka mzima juu ya kilima, uwanja huo unataka kumwagiliwa, na kila lita inayopita kwenye mizizi inakwenda kuzalisha maji machafu ambayo idara nyingine italazimika kuyashughulikia. Uwanja wa mpira si lazima uwe juu ya taka. Nyasi ndefu za asili zisizohitaji kumwagiliwa zinafaa zaidi pale, na bustani ya Nanjido ya jijini Seoul, Korea Kusini, iliyojengwa juu ya dampo na nitakayoitaja tena, imefanya nyasi ndefu za aina hiyo kuwa kivutio chenyewe.

Kuhusu kutitia nitasema kidogo tu. Unene wa taka unaweza kupungua kwa asilimia 10 hadi 30 katika miongo inayofuata, tena bila usawa, kwa hiyo njia hupasuka, mabomba huvunjika na madimbwi hutokea mahali palipokuwa na mwinuko. Miteremko nayo hutaka kupunguzwa makali kabla watu hawajaruhusiwa kupanda. Maporomoko ya Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, yaliyoua zaidi ya watu 110, na ya Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, yaliyoua zaidi ya watu 30, yalitokea kwenye madampo ambayo hayajageuzwa bustani, lakini yanathibitisha kwamba rundo la taka halisimami kama kilima cha udongo na mawe.

Anayeziona dalili hizi zote kabla ya mhandisi ni mtunza bustani. Methani ikijaa kwenye udongo huifukuza hewa ambayo mizizi inaitegemea, kwa hiyo miche hukauka bila ugonjwa unaoonekana na nyasi hufa kwa duara. Katika bustani ya kawaida mtunza bustani hufukua, huweka udongo mpya na kupanda upya, na hufanya vema. Kwenye kilima cha taka, kitendo hichohicho kinaficha ushahidi. Haigharimu mengi kuwafundisha wafanyakazi hawa watambue duara la nyasi zilizokufa, ufa mpya, harufu ya ghafla au mvuke unaofuka asubuhi ya baridi, na kuwapa daftari na mtu wa kumpelekea taarifa ambaye analazimika kujibu kwa maandishi. Wafanyakazi haohao ndio wanaotumwa kuingia kwenye mashimo ya ukaguzi na vyumba vya pampu, ambako kabonidayoksaidi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hukusanyika chini na kuweza kumuua mtu kabla hajatambua kitu. Hakuna anayepaswa kuteremka humo bila kifaa cha kupima gesi, na sijui kwa nini jambo hili bado linahitaji kuandikwa.

Nije kwenye fedha. Sheria za Marekani zinamtaka mmiliki wa dampo la taka za mjini kulitunza kwa miaka 30 baada ya kulifunga, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 linataka gharama za angalau miaka 30 ziingizwe katika bei ya kutupa taka. Namba 30 ilichaguliwa na watunga sheria, taka hazikushirikishwa. Madampo yaliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yameshaufikia ukomo huo, na kila mahali litaulizwa swali lilelile: nani analipa kuanzia sasa? Madampo yaliyofungwa kabla ya sheria hizo hayakuwahi kuwa na mfuko wowote. Wapo wanaotegemea mauzo ya gesi. Ni kweli kwamba gesi ya Fresh Kills imekuwa ikisafishwa na kuuzwa kwa matumizi ya majumbani, na kwamba gesi ya Nanjido imetumika kupasha joto majengo ya jirani. Hata hivyo mapato ya gesi huwa makubwa miaka ya mwanzo na hupungua mwaka hadi mwaka, ilhali gharama za kupima, kusukuma maji machafu na kuziba nyufa hazipungui kwa kasi hiyo. Halmashauri inayoingiza mapato ya miaka ya neema katika matumizi ya kawaida inawaachia warithi wake kilima kisicho na kipato. Ninaomba fedha hizo ziingie kwenye mfuko wa peke yake, unaolindwa na sheria ndogo, usioweza kuazimwa kujenga kitu kingine, na muda wa mfuko huo ukomeshwe na vipimo badala ya kalenda.

Nilisema kwamba bustani ni uamuzi wenye busara, na sababu yake ni hii: bustani huiacha ardhi yote chini ya mmiliki mmoja wa umma, haina vyumba vya chini ya ardhi, haina nguzo za kutoboa kifuniko, na haina mtu anayelala hapo usiku. Faida hiyo hupotea siku kipande cha pembeni kinapomegwa na kuuzwa kwa ajili ya nyumba, au hata vyoo, vibanda na stoo zinapojengwa kama zinavyojengwa kwenye bustani yoyote. Kila chumba kilichofungwa juu ya taka au karibu nazo kinahitaji sakafu yenye nafasi ya kupitisha hewa kwa chini na kengele ya gesi. Kuhusu kuuza, ninaomba katazo liandikwe kwenye hati ya ardhi yenyewe na lihusishe pia ukanda wa kuzunguka dampo, kwa upana utakaoamuliwa na wataalamu wa miamba wa mahali husika. Kumbukumbu za kikao cha madiwani hazitoshi, kwani kikao kingine kinaweza kuzitengua.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo si ya gesi wala ya maji. Nanjido, kisiwa cha mto Han jijini Seoul, kilisifika kwa maua yake kabla ya kuwa dampo mwaka 1978. Hadi kilipofungwa mwaka 1993, zilikuwa zimeinuka pale milima miwili ya taka yenye urefu wa zaidi ya mita 90 kila mmoja, na juu yake na kandokando yake waliishi watu waliojipatia riziki kwa kuchambua kilichotupwa. Bustani ilifunguliwa mwaka 2002. Waokotaji hao ndio waliopunguza urefu wa milima ile kwa kila chuma na karatasi waliyoitoa, na kila dampo kubwa lina watu wake wa namna hiyo. Lilipofungwa dampo la Jardim Gramacho, Rio de Janeiro, mwaka 2012, waokotaji waliosajiliwa walilipwa fidia, na hilo linaonyesha kwamba haki yao inaweza kuingizwa katika mpango wa kufunga ikiwa kuna nia. Fresh Kills ina kumbukumbu nzito zaidi, kwa kuwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilifunguliwa tena ili vifusi vya minara pacha ya New York vichambuliwe pale, na mabaki ya waliokufa yatafutwe humo. Mahali kama hapo hapawezi kupewa jina la maua na kuachwa hivyo.

Bustani ya Al-Azhar jijini Kairo inaonyesha njia nyingine. Ilijengwa juu ya vilima ambako kwa karne nyingi watu wa jiji walikuwa wakimwaga taka na vifusi, na wachimbaji walipokuwa kazini walifukua sehemu ndefu ya ukuta wa jiji wa enzi za Waayubi, nasaba iliyotawala Misri wakati huo, wa karne ya 12. Ukuta ule ulikarabatiwa na kuachwa uonekane, na tangu bustani ifunguliwe mwaka 2005 mgeni hawezi kupita asijue kwamba jiji lilikuwa limezika historia yake chini ya taka zake.

Kwa hiyo ninaomba kila lango la bustani ya namna hii liwe na bango lisemalo dampo lilifunguliwa lini, lilifungwa lini, lilipokea taka za aina gani, nani walifanya kazi humo, visima vya uchunguzi viko wapi, na vipimo vya mwisho vya gesi na maji vilisoma nini na tarehe gani. Najua hofu yenu ni kwamba watu watakimbia. Wananchi wanaopewa vipimo kila mwezi huzoea kuvisoma, na anayegundua peke yake kwamba alifichwa ndiye asiyerudi tena.

Mahali ambapo ramani za zamani zimepotea, kazi ianze sasa kabla mashahidi hawajatutoka: picha za angani za miaka ya nyuma, madaftari ya mizani, madereva wastaafu wa magari ya taka, na waokotaji wa zamani ambao wanakumbuka ni upande gani viwanda vilimwaga mapipa na ni upande gani hospitali zilileta mizigo yake. Ushahidi wao uandikwe, utiwe sahihi, na uhifadhiwe pamoja na hati ya ardhi.

Ninaomba majibu yenu yatolewe hadharani kabla ya kikao kijacho cha bajeti, bustani moja baada ya nyingine, yakitaja kiasi kilichomo kwenye mfuko wa matunzo na jina la cheo kinachowajibika, hata kama jibu kwa baadhi ya bustani litakuwa kwamba mfuko haupo na ramani haijulikani ilipo.

Wenu,
Mtumiaji wa bustani za umma